Amegeuzwa

Saa nne usiku Zenobia alipanda ambulensi
na mjamzito anayevuja damu, kuelekea Oruro,
mwendo wa saa tatu, changarawe na mvua ya mawe.
Alivua saa yake ya mkononi, akanifunga mimi.
"Hii inakwenda," akasema. "Ya ukutani inaongopa."

Nikabaki na saa, na wagonjwa ishirini na sita,
kipimajoto kimoja, mtungi mmoja wa oksijeni
unaopiga mluzi kama birika lisilo na haraka,
na kalamu. Kalamu tunazo.
Dawa zaweza kuchelewa mwezi, fomu hazichelewi.

Mshika mbili, husema watu, moja humponyoka.
Hawakunena neno juu ya mshika ishirini na sita.

Nilijiandika mkononi, kifundo hadi kiwiko:
4, geuza. 9, dripu, saa sita. 11, mkojo?
17, homa. 17, homa.
Mama wa 17 ameshika sketi yangu, haachi,
nikampa beseni na kitambaa, nikamwonyesha: kwapa, shingo, paji,
nikajinasua kidole kimoja kimoja.

Wa kitanda cha nne ni Abundio Cayo,
mapafu yake yana vumbi la bati la miaka thelathini.
"Anza na wengine, sista. Mimi sina haraka."
Alisema hivyo saa tatu. Alisema hivyo saa tano.
Nami, Mungu anisamehe, nilimwamini,
kwa kuwa mpole husubirishwa
na mpiga kelele ndiye huchomwa sindano.
Hilo hatukufundishwa chuoni.
Chuoni palikuwa na mgonjwa mmoja, wa plastiki,
na sisi wauguzi wanane tumemzunguka.

Saa saba wakaniletea shetani.
Mcheza ngoma ya Karnivali, kapasuka kipaji,
joho jekundu, njuga miguuni, kinyago kakipakata mapajani
pembe zikiwa zimevunjika. Ganzi ilikwisha Jumanne.
Nikamshona hivyo hivyo, mishono saba,
akatukana mitano, miwili akalia,
kisha akalala benchini, njuga zikigugumia kila alipovuta pumzi.

Saa kumi nikaketi kujaza fomu.
Kitanda cha nne: amegeuzwa, saa sita.
Amegeuzwa, saa nane.
Mkono wangu unaandika vizuri sana usiku,
herufi zimenyooka, hata mkaguzi angezisifu.
Amegeuzwa, saa ku
Wino haukuisha. Mimi ndiye niliyekwama.
Mtu wa ukubwa ule hugeuzwa na wawili,
nami tangu saa nne nilikuwa mmoja, tena nusu.

"Shetani! Amka. Shika miguu."

Akaja akipepesuka, chale za mishono zikimvuta jicho,
njuga zikaamsha wodi nzima.
Moja, mbili, tukamlaza ubavu.
Chini ya kiuno, ngozi imekwisha
kiasi cha sarafu ya bolivia moja,
nyekundu, mbichi, yenye unyevu.
Abundio akageuza shingo, akatazama joho, akatazama njuga.
"Ndiyo nimefika?" akauliza.
"Bado," shetani akamjibu. "Tunakugeuza tu."
Wakacheka wote wawili, kikohozi kikawakatiza.
Sikucheka. Nilikuwa natafuta chachi.

Nikarudi mezani.
Nikafuta saa sita. Nikafuta saa nane.
Saa kumi nikaimalizia.
Nikaandika: kidonda, sentimita mbili, kimeonekana leo.
Karatasi chafu. Nitaitwa ofisini.

Zenobia alirudi kumekucha, sketi imekauka damu,
akakaa ngazini bila kuvua viatu.
Sikusema neno. Nilimtazama tu.
Akainua kidole kimoja.

Sikuuliza ni yupi.
Homa ya 17 ilikuwa bado haijapimwa,
kipimajoto kilikuwa mfukoni mwangu usiku kucha.
Nikamvua saa, nikamrudishia.
Ilikuwa inakwenda, kama alivyosema.